Askari aliyekufa ana haki ya jina lake: kutoka sanamu ya Mombasa hadi kambi ya Eldoret

Kwa nyumba ya Pwani iliyo na mtoto jeshini, Eldoret si mji wa mbali. Kurutu wa jeshi la nchi kavu, awe ametoka Lamu, Kwale au Kisauni, hupelekwa chuo cha mafunzo ya makurutu kilicho katika kambi ya Moi, nje kidogo ya mji huo. Mafunzo yakimalizika, wazazi hufunga safari ya usiku kucha kwa basi, mama na buibui lake na koti zito la kuazima kwa ajili ya baridi ya huko, kwenda kushuhudia gwaride la kufuzu. Picha ya siku ile hutiwa fremu ikatundikwa sebuleni, na kila mgeni akiingia huoneshwa.

Kambi hiyohiyo ndiyo iliyokuwa maskani ya batalioni ya tisa ya Kenya Rifles. Alfajiri ya Ijumaa, tarehe 15 Januari 2016, askari wengi wa batalioni hiyo walikuwa katika kambi ya El Adde, eneo la Gedo nchini Somalia, chini ya kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM. Al-Shabaab wakawavamia, na kambi ikatekwa. Siku kumi na mbili baadaye, tarehe 27, kulifanyika kumbukumbu katika kambi ya Moi pale Eldoret. Rais Uhuru Kenyatta alikuwapo, pamoja na Rais Muhammadu Buhari wa Nigeria na Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia.

Marais watatu walihudhuria, lakini wananchi hawakuambiwa ni askari wangapi waliokufa. Serikali haikutoa hesabu, wala orodha kamili ya majina haikuwekwa hadharani. Mwaka huohuo shirika la habari la CNN, baada ya uchunguzi wake, lilisema waliokufa si chini ya 141. Rais wa Somalia alitaja kwenye mahojiano idadi kubwa zaidi ya hiyo, na Kenya ikakanusha. Kila mmoja akabaki na namba yake, na familia zikabaki na picha zao za gwaride.

Jambo hili si geni kwetu watu wa Pwani. Twalijua tangu vita vya Mjarumani. Katika makala haya nataka kueleza kwa nini jina la askari aliyekufa si pambo la sherehe, bali ni haki yenye kazi yake katika dini, katika mirathi na katika sheria, na nyumba yenye mtu wake vitani inaweza kufanya nini ili jina hilo lisipotee.

Ahadi iliyowekwa Mombasa

Sanamu za askari zilizo barabara ya Jomo Kenyatta, Mombasa, twazipita kila siku tukikimbilia matatu. Wachache husimama kusoma maandishi yake, ambayo yapo kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanawataja askari Waafrika waliopigana mwaka 1914 hadi 1918, yanawataja wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanatoa ahadi: kwamba anayekufa akipigania nchi yake, jina lake litakumbukwa na wanawe. Sanamu kama hizo ziko pia Nairobi na Dar es Salaam.

Ukizunguka sanamu zile pande zote, utatafuta jina hata moja la Mwafrika aliyekufa, usilipate. Ahadi ni ya jina, na majina hayapo.

Haikuwa bahati mbaya. Tume ya Makaburi ya Vita, iliyoundwa na Waingereza mwaka 1917, ilikuwa na msingi mmoja mkuu: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila kujali cheo, rangi wala dini. Nenda makaburi ya vita ya Voi au Taveta uone jinsi walivyoutimiza msingi huo kwa Wazungu waliokufa huko: jina, cheo, kikosi, tarehe. Kwa Waafrika wa vita hivyohivyo iliamuliwa kwamba sanamu ya jumla inatosha. Tanganyika, watawala waliona makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe tu yarudi kuwa msitu.

Iliwachukua miaka mia moja kukiri. Aprili 2021 tume hiyo, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti iliyokadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi, na waziri wa ulinzi wa Uingereza wa wakati huo akaomba radhi bungeni.

Miguu na mikono ya jeshi

Ni akina nani hao? Wapo waliokuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles. Wapo vijana wa mji, Waarabu na Waswahili, waliojiunga na kikosi cha Arthur Wavell mwaka 1914. Mwingereza huyo alikuwa amekwenda Makka kabla ya vita akijifanya Mzanzibari, na akaandika kitabu juu ya safari ile. Alipouawa Mwele, nyuma ya pwani ya kusini, Januari 1916, baadhi ya watu wake waliuawa naye. Jina lake liko vitabuni. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kutaja hata mmoja wa waliokufa naye?

Lakini wengi zaidi walikuwa wapagazi. Barabara hazikuwapo, na mbung'o waliua wanyama wa mizigo, kwa hivyo jeshi lilibebwa vichwani mwa watu. Kwa upande wa Waingereza peke yake, katika nchi zote za eneo hili, wapagazi wanakadiriwa kufika milioni moja. Wengine walijiandikisha, wengi walikamatwa kwa amri iliyopitishwa mwaka 1915, na mwaka 1917 ukafanyika msako mkubwa kuliko yote. Wagiriama, waliokataa kutoa vijana wao na kupigana mwaka 1914, nao walipigwa faini na kutakiwa kutoa watu wa kufanya kazi hiyo. Waliowaua wapagazi zaidi hawakuwa Wajerumani. Yalikuwa kuhara damu, malaria, kichomi na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zilipata majina yao kutokana na kikosi hicho cha Carrier Corps. Soko lina jina, watu hawana.

Tena tusisahau kwamba mpaka ulipita katikati ya nyumba zetu. Mwenye babu Mombasa alikuwa na ami Tanga au Pangani, na huyo ami huenda alibeba bunduki ya Mjarumani. Inasimuliwa katika vitabu vya historia kwamba mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wake wa zamani waliokuwa hai, wazee walijitokeza lakini wachache tu walikuwa na vyeti. Mlipaji akawapa ufagio mmoja mmoja na kuwaamuru kwa Kijerumani wafanye gwaride. Mzee aliyekuwa hana karatasi alithibitisha kwa mwili wake kuwa ndiye. Aliyekwisha kufa je, angethibitisha kwa nini?

Asiyekuwapo na lake halipo

Methali hiyo ya wahenga ndiyo iliyowakuta. Baada ya vita, wapagazi waliokufa walikuwa wakidai mishahara. Maelfu ya madai hayo hayakulipwa kwa warithi. Sababu iliyotolewa ni kwamba wenyewe hawakuweza kutambuliwa: majina yameandikwa vibaya, kijiji hakijulikani, namba imepotea. Oscar Watkins, aliyekisimamia kikosi hicho, alipigania fedha zile ziwafae Waafrika, wakubwa wake wakakataa. Jina lilipopotea, haki ilipotea nalo.

Wakati huohuo askari wa Kizungu waliotoka vita vilevile waligawiwa mashamba. Mpango huo ulianza mwaka 1919, na sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa Kipkarren na Kaimosi, si mbali na Eldoret, ardhi ya Wanandi, kabila ambalo vijana wake wengi walitumika katika Keya. Mmoja alirudi vitani akapewa shamba kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye orodha. Mwingine alirudi akakuta shamba la babake limechukuliwa.

Katika vita vya Hitila mambo yalibadilika kidogo. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imeng'oa nanga Mombasa ikiwapeleka askari Ceylon, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives ikazama kwa dakika mbili hivi. Walikufa karibu watu 1,300, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Mwili haukupatikana, kaburi halikuchimbwa, lakini wengi wao wametajwa kwa majina kwenye ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, Nairobi. Basi kumbe inawezekana. Hata bahari ikimmeza mtu, jina lake laweza kubaki nchi kavu.

Dini na sheria zinataka jina na tarehe

Kuna wanaosema: marehemu ni marehemu, tumuombee dua, majina kwenye ukuta ni mambo ya Kizungu. Dua ni lazima, lakini sisi Waislamu ndio tulio na sababu kubwa zaidi ya kudai jina na tarehe.

Kwanza ni swala. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimswalia Najashi wa Habasha ambaye maiti yake haikuwa mbele yake. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, swala ya ghaibu yajuzu. Lakini huwezi kumswalia mtu swala ya maiti hali hujui kama amekufa.

Pili ni eda. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, au mpaka ajifungue akiwa mjamzito. Siku hizo huhesabiwa tangu siku ya kifo, si siku habari ilipofika. Mke asiyeambiwa tarehe hajui eda yake imeanza lini wala itakwisha lini. Na akiambiwa tu kwamba mumewe hajulikani alipo, basi huyo si mjane bado. Ni mke wa mtu aliyepotea, na hawezi kuolewa mpaka hukumu ipite.

Tatu ni mirathi. Anayerithi ni yule aliyekuwa hai wakati mwenzake akifa. Askari akifa Januari na babake akafariki Februari, baba ana fungu lake katika mali ya mwana, na fungu hilo linaingia katika urithi wa baba. Tukigeuza, baba afe kwanza, mwana ndiye mrithi. Tarehe moja ikikosekana, ndugu hugombana miaka kumi na kesi ikazeeka kwa kadhi.

Sheria ya nchi nayo ina mlango wake. Kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi kinasema mtu asiposikika kwa miaka saba na wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake, atachukuliwa kuwa amekufa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ni mlango mzuri kwa mwenye kupotea kweli. Lakini askari aliyetumwa na serikali, aliye na namba, kitabu cha mshahara na kamanda wake, hafai kuachwa kwa miaka saba kama mvuvi aliyechukuliwa na upepo wa kusi.

Hoja ya siri ya jeshi

Jeshi lina hoja yake, na si haki kuipuuza. Adui hutumia hesabu ya waliokufa kujisifu na kuvuta vijana. Vita vikiwa vikali, kutangaza hasara kunaweza kuwavunja moyo walio mstari wa mbele. Tena familia inafaa ijulishwe faraghani kabla ya kusikia redioni. Yote hayo nayakubali, kwa juma la kwanza, kwa mwezi wa kwanza, hata kwa mwaka.

Lakini siri ina muda wake. Video za El Adde alizisambaza adui mwenyewe, na wapo waliowatambua watoto wao humo. Aliyefichwa hesabu hakuwa adui, ni sisi. Marekani ilishindwa Vietnam, na bado mjini Washington kuna ukuta wenye majina zaidi ya 58,000 ya askari wake waliokufa huko. Nchi iliyoshindwa vita iliweza kuyaandika majina. Na Januari 2025, mjini Cape Town, kulizinduliwa ukumbusho wenye majina zaidi ya 1,700 ya Waafrika Kusini weusi waliotumika bila silaha katika Vita vya Kwanza, watu waliosahauliwa kama wapagazi wetu. Hapa Kenya pia kazi ya kuchambua nyaraka za zamani inaendelea, na majina yameanza kupatikana. Ikiwa majina ya 1917 yanatafutwa, ya 2016 yanashindikana vipi?

Najua vilevile kwamba wapo kati yetu wasioiafiki vita ya Somalia, na wapo wasiotaka kusikia habari za askari wa mkoloni. Kumkumbuka mtu si kuisifu vita iliyomuua. Mpagazi aliyekamatwa shambani hakuchagua mfalme, na kijana aliyetoka Likoni kutafuta kazi jeshini hakuchagua El Adde. Wote wawili walikuwa watoto wa watu.

Nyumba ifanye nini

Tusingoje serikali peke yake. Kwa aliyekufa zamani, anza na daftari. Andika jina lake kamili, la baba na la babu, ukoo, mtaa au kijiji, mwaka aliojiunga, kikosi na namba ikiwa yupo anayeikumbuka. Wazee waliobaki warekodi kwa simu leo, usiseme Idi ijayo. Waulize maneno ya jeshi waliyokuwa wakiyasikia: Keya ya tatu na ya tano zilikuwa za Kenya, ya sita ya Tanganyika. Neno dogo kama hilo laweza kukuonesha pa kutafuta.

Kisha fungua masanduku. Nishani za Vita vya Kwanza kwa kawaida zimechongwa ukingoni namba, cheo na jina la mwenyewe. Za Vita vya Pili hazikuandikwa jina. Babu yangu mzaa mama alirudi kutoka Bama na nyota ya shaba yenye utepe wa buluu na nyekundu. Nyota ipo, lakini peke yake haisemi ni ya nani. Ikitoka ndani ya nyumba bila maelezo, inakuwa chuma tu. Basi andika karatasi na uifunge pamoja nayo. Mfalme Charles alipokuja Kenya Novemba 2023, aliyatembelea makaburi ya Kariokor na kuwakabidhi baadhi ya wazee wa Keya nishani mpya, kwani walizitupa au kuziharibu zao wakati wa Mau Mau kwa hofu. Huenda nyumba yenu nayo ilitupa. Andika hilo pia.

Baada ya hapo tafuta katika orodha. Tume ya Makaburi ya Vita ina tovuti ambayo mtu hutafuta jina bila malipo. Ina waliokufa kazini kati ya Agosti 1914 na Agosti 1921, na kati ya Septemba 1939 na Desemba 1947. Aliyerudi salama hutamkuta humo. Jaribu tahajia zote, maana karani wa Kizungu aliandika alivyosikia: Hamisi, Khamis na Amisi anaweza kuwa mtu mmoja, na "bin" mara nyingi imeangushwa. Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi yana mafaili ya wilaya za Pwani, na wenye asili ya Unguja wana hifadhi ya nyaraka ya Zanzibar. Ukilipata jina ambalo halikuandikwa popote, wapelekee tume pamoja na ushahidi ulio nao.

Kwa aliye jeshini leo, mambo ni mepesi zaidi yakifanywa mapema. Kabla hajavuka mpaka, familia iwe na nakala ya namba yake ya jeshi, kikosi chake na jina la jamaa wa karibu aliyeandikishwa. Wengi huandikisha wakiwa makurutu pale Eldoret, hawajaoa, kisha wakasahau kubadilisha. Mke na watoto huja kugundua msibani kuwa hawamo kwenye faili. Na aandike wasia. Mtume ametufunza kwamba Mwislamu mwenye cha kuusia asilale usiku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa, sembuse anayekwenda vitani.

Msikitini nako tunaweza kuanza jambo bila gharama. Kila 15 Januari, au Ijumaa iliyo karibu nayo, imamu asome majina ya askari wa mtaa wake waliokufa, yale ambayo familia zimeridhia yatajwe, kisha iombwe dua. Nchi haijaandika orodha, basi mitaa iandike yake: Kisauni yake, Malindi yake, Lamu yake. Wabunge wetu nao, wanaopenda kupanda jukwaani siku ya Mashujaa kila Oktoba 20, waulizwe swali moja tu: orodha ya El Adde itawekwa hadharani lini, na itaandikwa kwenye ukuta upi? Mimi ningependa uwe Eldoret, katika ule uwanja ambao mama zetu walisimama na makoti ya kuazima wakiwapigia vigelegele.